Walioondoka Mwanzoni mwa Picha

Sisi tuliokulia Mpanda miaka ya 1990 tulijifunza vita kwenye banda la video. Mabenchi ya mbao, jenereta inaunguruma nje, televisheni moja juu ya meza, na kiingilio ambacho mara nyingine kilitoka kwenye chenji ya chumvi uliyotumwa na mama. Pale hakuna aliyeuliza picha imeongozwa na nani. Swali lilikuwa moja tu: stelingi ni yupi? Ukishamjua stelingi umemaliza kazi, maana stelingi hafi. Wengine wote wanaokatiza na bunduki zao ni wa kuhesabu wanavyoanguka.

Kanuni hiyo niliisahau nilipoenda chuo kikuu, nikadhani nimekua. Ikanirudia miaka ya karibuni, nikiwa mwandishi wa habari wa umri wa makamo ya ujana, mbele ya picha ya zamani ambayo banda letu halikuwahi kuionesha: The African Queen, ya mwaka 1951. Nasema "picha ya zamani" lakini kwetu Katavi ingepaswa kuwa picha ya nyumbani. Inahusu Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ile ambayo wazee wetu huiita vita ya Mjerumani, na meli ya kivita iliyotawala ziwa. Meli yenyewe ilikuwepo kweli, na ziwa lenyewe ndilo hili ambalo ukitoka Mpanda mjini ukaelekea magharibi unalikuta Karema na Ikola.

Nataka kuizungumzia picha hii kwa haki. Ina uzuri wake, na si mdogo. Ina ubovu wake pia. Ila ubovu ninaoulalamikia mimi sikuugundua mwenyewe. Aliniambia babu.

Kwanza picha yenyewe, kwa asiyeiona. Mwongozaji ni John Huston, na imetokana na riwaya ya C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Ni Septemba 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kwenye kijiji kimoja chenye misheni wanaishi ndugu wawili Waingereza, mchungaji Samuel na dada yake Rose, anayeigizwa na Katharine Hepburn. Charlie, anayeigizwa na Humphrey Bogart, ni mlevi mwenye mashua chakavu ya mvuke anayewaletea barua. Siku moja analeta na habari: Ulaya kuna vita. Akishaondoka tu, wanakuja askari na maofisa wa Kijerumani, wanachoma nyumba, wanaswaga wanakijiji wote. Samuel anapigwa kitako cha bunduki, anachanganyikiwa, anakufa kwa homa. Charlie anarudi, anamchukua Rose, na Rose anamshawishi washuke mto hadi ziwani wakaizamishe meli ya Wajerumani, Louisa, kwa mabomu ya kutengeneza wenyewe. Njiani wanapita maporomoko, ngome yenye bunduki, mbu, ruba, matete, na mapenzi. Mwishoni wanakamatwa, wanakaribia kunyongwa, na Louisa inajigonga kwenye mashua yao iliyopinduka na kulipuka.

Uzuri wa kwanza ni waigizaji. Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na ukimwona anavyotetemeka baada ya kujikuta mwilini amejaa ruba, huhitaji maelezo. Hepburn anambadilisha Rose polepole, kutoka mama wa kanisani aliyefunga vifungo hadi shingoni mpaka mtu anayefurahia maporomoko kama mtoto kwenye bembea. Karibu picha nzima ni watu wawili ndani ya mashua, na huchoki.

Uzuri wa pili ni mahali. Wakati ule ilikuwa kawaida kuigiza Afrika kwenye bustani za Marekani. Huston aliwasafirisha watu wake na kamera nzito za rangi hadi mto Ruiki, Kongo ya Wabelgiji, kisha Uganda, Butiaba kwenye Ziwa Albert na maporomoko ya Murchison. Sehemu nyingine, hasa zile za kuzama majini, zilipigwa studio huko London. Hepburn aliugua tumbo vibaya, na ikabaki hadithi maarufu kwamba Huston na Bogart walipona kwa sababu walikuwa wakinywa wiski badala ya maji. Jua lile, ukungu ule wa asubuhi juu ya mto, mtu wa huku anavijua. Mpiga picha, Jack Cardiff, alijua anachokifanya.

Uzuri wa tatu ndio mkubwa kwangu. Picha inaanza vita pale ambapo vita ile ilianzia kwa watu wetu, yaani kijijini. Haianzi na majenerali wakichora ramani. Inaanza na kanisa la nyasi, watu wanaimba wimbo wasioujua vizuri, na baada ya muda kidogo moshi. Charlie anamweleza Rose sababu: nyumba zikichomwa, watu hawana pa kurudi, na wanaume watalazimika kulitumikia jeshi. Katika sinema za vita nilizoziona, ni chache mno zilizosema jambo hilo waziwazi. Kwa dakika zile chache The African Queen inajua inachokizungumza.

Sasa tuje kwenye ubovu, tuanze na mwepesi. Mashua ya Charlie inashuka mto uitwao Ulanga hadi ziwani. Ulanga tunao, na ni maarufu, lakini uko kule Morogoro na maji yake yanaingia Rufiji, kisha Bahari ya Hindi. Ukishuka nao utafika kwenye mikoko ya Rufiji, hutaliona ziwa. Forester alikuwa mtunga riwaya, hata ziwa alilipa jina la kubuni, basi tumsamehe. Ila historia ina utani wake. Kitu kilitoka Rufiji kikafika Ziwa Tanganyika kweli, nacho ni mzinga. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, Wajerumani waliopoa mizinga yake wakaisambaza nchi nzima, na mmoja ulifungwa kwenye meli ya ziwani.

Meli hiyo ndiyo Graf von Götzen, Louisa halisi. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli iliyokuwa imekamilika mwaka 1914. Ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Haikulipuliwa na mashua ya mlevi wala ya mtu mwingine. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, baada ya kuipaka mitambo grisi nzito wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Ndiyo, MV Liemba, ile iliyobeba dagaa, mahindi na bibi zetu kwa karibu karne nzima, ikitia nanga mbali kidogo na Karema na Ikola huku mitumbwi ikiikimbilia. Picha inaiua meli ambayo sisi tumeipanda.

Na Waingereza waliokuja kuisaka? Walikuwepo, chini ya kamanda Geoffrey Spicer-Simson, na mashua zao mbili zilipewa majina ya kuchekesha, Mimi na Toutou. Zilitoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni hadi Kongo, kisha zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba hadi pale panapoitwa leo Kalemie, ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Kongo. Desemba 26, 1915 ziliiteka mashua ya Kijerumani Kingani, na Februari 9, 1916 Waingereza waliizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ilipojitokeza, Spicer-Simson hakuisogelea.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie kidogo. Tukio maarufu kuliko yote ndani ya The African Queen ni lile la Charlie kushuka kwenye maji ya matete, kamba begani, anaivuta mashua hatua kwa hatua. Anatoka ana ruba mwili mzima, anatetemeka, halafu anarudi tena majini kwa sababu hakuna njia nyingine. Ni tukio zuri kweli. Lakini jiulize: katika vita ile ya ziwa, nani alivuta mashua? Mashua zilivutwa kweli, tena si kwenye matete, ni mlimani. Zilivutwa na mitambo ya mvuke, na ng'ombe, na mamia ya Wakongo waliokata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 100, wakabeba maji ya kunywesha mitambo, wakashika kamba. Kazi ya Charlie ilikuwa kazi ya pagazi. Picha imeichukua ikampa stelingi.

Na si kwa mashua mbili tu. Jeshi la Wajerumani lilipokuwa kubwa kabisa lilikuwa na Wajerumani kama 3,000 na askari Waafrika kama 12,000. Jeshi la Wabelgiji lililoingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora Septemba 19 mwaka huohuo lilikuwa la Wakongo chini ya maofisa wachache wa Kizungu. Nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi, kwa sababu mbung'o waliua wanyama na barabara hazikuwepo. Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inakaribia laki moja. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, baridi na njaa. Soko la Kariakoo limetokana na jina la kikosi chao, Carrier Corps, lilivyotamkika mdomoni mwa watu.

Katika The African Queen watu wote hao wana dakika chache za mwanzo. Hakuna mwanakijiji mwenye jina. Hakuna askari mwenye jina. Askari wanachoma, baadaye wanafyatua risasi kutoka kwenye ngome, basi. Kuanzia Samuel anapozikwa hadi Louisa inapozama, Afrika ni mto, mamba na joto.

Mtu atasema: kaka, ni picha ya mapenzi ya mwaka 1951, unaidai nini? Jibu hilo nililikubali kwa muda. Nikawa naipenda tu kama ilivyo, mpaka nilipoitazama na babu.

Nilikuwa nimeenda Karema kuandika habari za bandari mpya na mizigo ya Kongo. Babu yangu mdogo, mdogo wake babu mzaa baba, anaishi kijiji cha jirani, na si adabu kufika Karema ukapita kimyakimya. Jioni, baada ya ugali na migebuka, nikafungua laptop.

"Shikamoo babu. Leo nimekuletea picha ya vita ya Mjerumani."

"Marahaba mjukuu wangu. Ya huku?"

"Ya ziwani. Wameigiza wazungu."

"Haya, washa. Ila unieleze wanasema nini."

Nikawasha. Nikawa namtafsiria kama wale jamaa wa kutafsiri picha kwenye banda. Kanisani alicheka; alisema hivyo ndivyo walivyokuwa wakiimba Kilatini. Moto ulipowaka hakucheka. Alijisogeza mbele, akaangalia askari wanavyowasukuma watu, akasema, "Hapa wamesema kweli."

Babu alizaliwa miaka mingi baada ya vita ile. Lakini baba yake, babu yangu mkuu, alichukuliwa, yeye na kaka yake, wote vijana. Walibebeshwa masanduku. Hiyo ndiyo habari nzima tuliyo nayo kwenye ukoo. Alichukuliwa na Wajerumani au na Wabelgiji, hatujui, kwa sababu mwenyewe alikuwa akisema tu "wazungu", na eneo letu lilipitiwa na wote wawili. Alirudi. Kaka yake hakurudi. Alikufa wapi, hatujui. Matanga yalikaliwa bila maiti.

Kwa hiyo tuliendelea kutazama, mimi nikifuata mashua, yeye akifuata kitu kingine. Kwenye maporomoko akauliza, "Na wale watu?" Nikamwambia subiri. Walipofika kwenye ngome, akaniambia nisimamishe, akatafuta nyuso juu ya ukuta. Ruba zilimfurahisha, Rose alimfurahisha zaidi, akasema huyo mama angefaa kuwa Mfipa. Meli ikalipuka, wawili wale wakaanza kuogelea wakiimba, maandishi yakapanda.

"Imeisha?"

"Imeisha babu."

"Na wale waliochukuliwa kule mwanzo, walirudi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema picha haikuonesha. Akanyamaza, halafu akasema, "Basi hawakurudi," akainuka kwenda kulala.

Nimesoma maandishi mengi ya wasomi kuhusu jinsi sinema za Wazungu zinavyomfanya Mwafrika kuwa pazia la nyuma. Ni maandishi mazuri. Lakini yote nayaweka pembeni ya swali lile, kwa sababu babu hakuwa analalamika. Alikuwa ameangalia picha ya vita kama inavyopaswa kuangaliwa. Ukinionesha watu wanachukuliwa, umenipa deni. Hadithi imefungua mlango, na mtazamaji anasubiri nani atarudi kupitia mlango huo. Huston hakukosea kwa kuwaonesha wanakijiji kidogo. Alikosea kwa kuwaonesha vizuri, kisha akawasahau. Huo ni ubovu wa usimuliaji kabla haujawa ubovu wa siasa.

Wala si kwamba hakukuwa na watu wa kuwasimulia. Chukua misheni tu. Kwenye picha, misheni ni wazungu wawili na umati. Karema kulikuwa na misheni ya kweli, iliyoanzia kwenye ngome ya Wabelgiji ya mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Mtu aliyeishikilia misheni ile kwa vizazi ni Adrian Atiman. Alizaliwa upande wa mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe kule Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema. Akaoa huku, akatibu huku, vita ya Mjerumani ikamkuta huku, akafariki huku mwaka 1956. Hesabu mwenyewe: wakati Hepburn na Bogart wanaigiza vita ya ziwa hili, daktari Mwafrika aliyeiona vita yenyewe kando ya ziwa alikuwa bado hai Karema. Maisha yake yana utumwa, bahari, jangwa, udaktari na vita. Ni picha tatu, si moja.

Wala sisi wenyewe tusijitoe. Ile Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa na Waingereza mwaka 1927, ni ya mwenye bunduki peke yake. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni pagazi. Ya kwetu haina. Tumepata uhuru, tumebadilisha majina ya mitaa, na sijaona bado filamu yetu ndefu yenye kumfuata pagazi mmoja kutoka nyumbani kwake hadi alipoangukia. Vifaa si kisingizio tena. Vijana wa Bongo Muvi wanapiga picha kwa kamera ndogo ambazo Cardiff angezilia machozi.

Kwa hiyo nikiulizwa The African Queen itazamwe au isitazamwe, nasema itazamwe. Ina waigizaji wakubwa, ina mto wa kweli, na mwanzoni ina dakika kadhaa ambazo, kwa familia kama yetu, ndizo picha pekee inayotembea ya siku ile ambayo hatuna tarehe yake. Mimi mwenyewe huwa nazirudia dakika hizo. Nasimamisha pale watu wanapotoka kijijini, naangalia nyuso. Najua ni watu waliolipwa kusimama mbele ya kamera miaka 35 hivi baada ya vita. Naangalia tu.

Asubuhi ile, kabla sijapanda gari la kurudi Mpanda, babu alinishika mkono akaniambia nitoe daftari. Akanitajia majina ya waliochukuliwa, kama alivyoyasikia kwa baba yake, na nyumba walizotoka. Majina saba. Wawili alisema walirudi. Sitayaandika hapa mpaka wenye ukoo wao wakubali, nimeanza kuwatafuta.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee, muulize na wewe. Usianze na vita. Anza na nani hakurudi.